Walinijazia Bonde

Tafakari ya Jumapili ya Pili ya Majilio
Masomo: Isaya 40:1–5, 1 Samweli 10:20–24 na 17:38–40, Warumi 15:1–2



Jumapili moja katika kila mwezi napanda daladala namba 118 kutoka mjini Zanzibar kwenda kijiji cha Matemwe, kusali na ndugu zetu wa bara wanaofanya kazi katika hoteli za pwani ile. Ibada huanza saa kumi na nusu alasiri, zamu ya asubuhi ikishatoka, sebuleni kwa mmoja wao. Mimi hufika mapema, basi hupata saa mbili tatu za kukaa na kijiji. Maji yakiwa yamepwa, wanawake huonekana mbali wameinama kwenye kamba za mwani, na ng'ambo ya mkondo kisiwa cha Mnemba kinaonekana chote. Lakini somo la wiki hii sikulipata pwani. Nililipata nyuma ya nyumba, kwa vijana wenye baiskeli.

Ardhi ya Matemwe ni ya maweni. Ukichimba shubiri moja umegonga jiwe la matumbawe. Ule udongo mwekundu wa kinongo tunaoupita njiani, sehemu za Mahonda na Kinyasini, huku hauji ila kwa lori. Basi lori liliuleta. Wajenzi walipomaliza shughuli yao waliacha kifusi kando ya njia, na mvua zilipokilowanisha, vijana wakaona ndani yake kitu ambacho sisi watu wazima hatukukiona. Wakachukua pauro na mabeseni ya mama zao, wakajenga matuta mawili yanayotazamana: moja la kurukia, moja la kutua, na katikati bonde la hatua nne. Unakuja mbio, unapanda tuta la kwanza, baiskeli inaiacha ardhi, unapita juu ya bonde, unashukia mteremko wa tuta la pili.

Mchezo huu hata kwingineko ulizaliwa hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto wa California walikuwa wakiwaiga waendesha pikipiki za mashindano katika viwanja vitupu, kwa baiskeli zao ndogo na matuta waliyoyachimba wenyewe. Mwaka 2008 mbio za baiskeli hizo zikaingia katika Olimpiki za Beijing. Vijana wa Matemwe wanajua kwamba dunia ya baiskeli imesogea karibu nao pia: Septemba 2025 walitazama kwa simu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliyofanyika Kigali, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Mmoja wao aliniambia, "Wenzetu wa Rwanda, Padri, vilima wamepewa na Mungu. Sisi vyetu tunavijenga."

Penye mizigo

Mimi ni mrefu, futi 6 na inchi 4. Mtu mrefu hujifunza mapema kwamba akikosea anaonekana na wote, na jambo hilo lilinitia woga ambao sikuwahi kuutaja kwa mtu. Kidogo kidogo niliacha kujaribu mambo mapya mbele za watu. Kwa miezi miwili nilisimama kando ya njia nikiwatazama vijana wale, moyo unadunda kila gurudumu linapoinuka. Nilipoona wananiangalia nilitoa simu na kuiweka sikioni, ilhali hakuna aliyenipigia. Nilijiambia: nina miaka 46, nina kola shingoni, na mwili kama huu hauruki.

Ndipo nikamkumbuka Sauli. Maandiko yanatuambia alikuwa mrefu kupita watu wote, kuanzia mabegani kwenda juu. Lakini siku kura ilipomwangukia awe mfalme, alitafutwa asionekane. Watu wakamwuliza Bwana, na Bwana akawaambia alipo: amejificha penye mizigo. Hebu mtazameni. Mtu mrefu kuliko wote katika Israeli, amejikunja nyuma ya magunia na mahema, akiomba asionekane. Nimesoma habari hiyo mara nyingi nikaiona kama aibu ya mfalme. Mwaka huu niliisoma nikajiona mimi. Kila mmoja wetu ana mizigo anayojificha nyuma yake. Mwingine ni umri, mwingine ni cheo. Mwingine ni mwili wake, au shule ambayo hakuimaliza, au jina jema ambalo anaogopa litachafuka akianza upya mbele za watoto.

Aliyenitoa penye mizigo yangu ni kijana ambaye nadhani hajatimiza miaka 15. Alikuja na baiskeli yake ameishika mkononi.

"Shikamoo, Padri. Unataka kujaribu?"

"Marahaba, mwanangu. Nataka."

Neno hilo moja, "nataka", sikulisema kwa wepesi. Lakini nililisema, na leo nawasihi mlijaribu vinywani mwenu.

Kiti cha kwendea sokoni

Baiskeli yake ilikuwa ndogo, magurudumu ya inchi 20, na magoti yangu yaligonga usukani kabla sijafika popote. Mwezi uliofuata nikaja na yangu, ya mtumba, magurudumu ya inchi 26 na foki yenye springi fupi, ambayo nilimwomba dereva wa daladala anipakilie juu. Nami nikafanya lile ambalo watu warefu hulifanya bila kufikiri: nikapandisha kiti mpaka mwisho. Kwa safari ya barabarani hilo ni sahihi kabisa, kwa sababu mguu unatakiwa ukaribie kunyooka. Nikaliendea tuta dogo la mazoezi. Gurudumu la nyuma lilipopanda, kiti kiliinuka nacho, kikanisukuma kwa nyuma, nikapita juu ya usukani. Viganja vilichubuka. Kichwa kiligonga chini, nami namshukuru Mungu nilikuwa nimevaa kofia ngumu. Wazazi mnaosoma tafakari hii, msimruhusu mtoto kuruka bila kofia hiyo, hata kwenye tuta la kimo cha goti.

Vijana walinipeleka kwa fundi anayetengeneza baiskeli chini ya mwembe. Akaitazama, akatikisa kichwa polepole. "Padri," akasema, "hiki ni kiti cha kwendea sokoni."

Kisha akanifundisha. Anayeruka hakai. Anasimama juu ya pedali, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, pedali zikiwa usawa mmoja, na kiti kinashushwa hadi chini kabisa ili nyonga zipate pa kwenda. Mtu mrefu akitafuta nafasi kwenye kiti anajidanganya, kwa maana nafasi yake iko mbele, kati ya pedali na usukani. Akalibana gurudumu la mbele kwa magoti yake, akaniambia nisimame juu ya baiskeli, akanizunguka na kunitazama kwa ubavu kama mshona nguo. Akaona nimebanwa: mgongo umepinda, magoti yako karibu na mikono. Akanibadilishia usukani kwa mwingine ulio mpana na ulioinuka zaidi, akaweka shingo ya usukani iliyo ndefu kidogo, akaikaza springi ya mbele kwa sababu uzito wangu ulikuwa ukiizamisha. Akaniusia kwamba siku nikinunua nyingine niangalie urefu wa fremu kwenda mbele, nisihangaike na kimo chake, maana fremu iliyopanda juu ingeninyang'anya tena ile nafasi ya nyonga.

Wapendwa, pale chini ya mwembe nilimwona Sauli mara ya pili. Huyo mrefu alipomtuma kijana Daudi kupigana, alimvika mavazi yake mwenyewe ya vita, na chapeo ya shaba, na deraya. Nia yake ilikuwa njema, na silaha zenyewe zilikuwa bora kuliko zote kambini. Daudi akajaribu kutembea nazo akashindwa, akazivua, akaenda na fimbo yake, kombeo lake na mawe matano laini ya kijitoni. Mavazi yale hayakuwa na kasoro. Yalipimwa kwa mwili mwingine.

Ni mara ngapi tunamvika mwenzetu mavazi yetu, tukadhani tunamsaidia? Tunamwambia mama mwenye watoto wachanga watatu asali saa nzima alfajiri, kwa kuwa sisi tunaweza. Tunamhimiza mzee mwenye kisukari afunge kama tulivyofunga tukiwa vijana. Tunamtaka aliyefiwa juzi aimbe kwa sauti ile ile. Akishindwa kutembea tunasema imani yake ni haba, kumbe tumempandishia kiti. Fundi wa Matemwe hakunipunguza kimo wala hakukilaumu. Alikitazama kwanza, ndipo akashika spana. Naamini hivyo ndivyo Kristo anavyotutengeneza.

Magoti

Baada ya hapo vijana wakanianza upya, kwenye mawimbi madogo ya udongo ambayo hata mtoto anayapita. Kazi ilikuwa moja: kuikandamiza baiskeli kwa miguu inapoingia bondeni, kujifanya mwepesi inapofika kileleni, na kusonga mbele bila kupiga pedali hata mara moja. Mwanzoni nilikwama wimbi la pili. Nilisimama wima kama mlingoti, na mlingoti haupiti wimbi bila chombo kuyumba. "Kunja magoti, Padri," walisema. "Kunja tena. Viwiko navyo vifungue." Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi warefu safari yetu ya kuinama ni ndefu kuliko ya wengine. Lakini nikagundua neema iliyomo. Miguu mirefu ikikubali kukunjwa, ina nafasi kubwa zaidi ya kupokea kishindo. Kimo kile kile kilichonitia aibu kilikuwa akiba, kikisubiri unyenyekevu wa magoti.

Wakanifundisha pia macho. Unapopanda tuta hutazami gurudumu, hutazami bonde. Unatazama pale unapokwenda kutua, kwa sababu mwili hufuata macho. Petro aliijua siri hii juu ya maji, akaipoteza pale alipoutazama upepo. Na wakanikataza kugusa breki kileleni. Anayesita pale juu ndiye anayeumia.

Hapana neno

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Novemba nilipofika nilikuta matuta makubwa yamebadilika. Lile bonde la hatua nne halikuwapo. Vijana walikuwa wamebeba udongo kwa mabeseni, wakalijaza mpaka juu, wakaushindilia kwa miguu. Tuta la kurukia na tuta la kutua yalikuwa yameunganishwa kwa uwanja tambarare.

"Tumekujazia, Padri," akasema yule kijana. "Usipofika kule, unatua hapa juu. Hapana neno."

Nilisimama nikashindwa kujibu. Oneni walichokifanya. Bonde likiwa wazi, mtu akipungukiwa kidogo tu, gurudumu la mbele linajikita kwenye uso wa tuta la pili, naye anarushwa. Bonde likijazwa, kupungukiwa huko huko kunakuwa mtikisiko wa magurudumu, kisha unaendelea mbele, unageuka, unarudi kujaribu tena. Mruko ni ule ule, kasi ni ile ile, kimo ni kile kile. Kilichobadilika ni kile kinachompata aliyepungukiwa.

Tena hawakulijaza bure. Wao walikuwa wakilivuka bonde lile kila jioni, na utamu wa mchezo wao ulikuwa humo. Waliufukia utamu wao kwa mikono yao, ili mzee mmoja asivunjike. Mimi ni padri, wao ni wana wa Kiislamu wanaokimbilia sala ya alasiri wakisikia adhana. Hawakuniuliza swali lolote kuhusu hilo. Kwao nilikuwa jirani anayejifunza, na jirani anayejifunza hujaziwa bonde.

Nikiwa ndani ya daladala siku ile jioni, maneno ya Isaya yalinijia kama sijawahi kuyasikia. Nabii anazungumza na watu waliotekwa wakapelekwa Babeli, waliochoka, walioamini kwamba njia ya kurudi nyumbani ni ndefu mno kwao. Anawaambia itengenezwe njia nyikani, na kila bonde liinuliwe, na kila mlima ushushwe. Kwa miaka mingi nilihubiri kwamba mabonde hayo ni dhambi zetu, na kila mtu ajaze lake. Sikatai mahubiri yale. Lakini fikirini ni nani watakaopita kwenye njia ile: wamo wazee, wamo wenye mimba, wamo watoto waliozaliwa utumwani wasioijua Yerusalemu. Mwenye nguvu angevuka bonde kwa miguu yake. Njia inanyooshwa kwa ajili ya yule asiyeweza. Na Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba sisi tulio na nguvu tunapaswa kuubeba udhaifu wa wasio na nguvu, wala tusijipendeze wenyewe. Vijana wa Matemwe walikuwa wamelitimiza neno hilo kwa beseni.

Nimelitazama tena hata lile tunaloliona mjini kila jioni. Pale Forodhani vijana wanapiga makachu, wanakimbia na kujirusha kutoka ukutani, wanapinduka hewani, watu wanashangilia. Tunauona ujasiri wao. Tunasahau kwamba wanaruka maji yakiwa yamejaa. Maji yakipwa, mawe yanatokeza, na hakuna anayeruka. Kila ujasiri tunaoushangilia una maji chini yake, nayo hayakujazwa na anayeruka.

Basi nawauliza, ni nani kati yetu tuliyemwachia bonde wazi, kisha tukamlaumu kwa kuanguka? Namfikiria kijana anayetoka nyumba ya soba, aliyeacha unga miezi mitatu. Tunamwambia aruke kutoka maskani hadi utakatifu kwa siku moja, na siku akipungukiwa tunasema tulijua. Kumjazia bonde ni kumpa kibarua cha saa chache, ni kumpigia simu saa tatu usiku, saa ambayo kiu humrudia, ni kumpokea akiteleza bila kumhesabia. Namfikiria mama wa miaka 60 anayetamani kusoma Biblia mwenyewe lakini anaona haya kuketi darasa moja na wajukuu. Namfikiria ndugu aliyekaa nje ya kanisa miaka 10, ambaye Jumapili ya kwanza aliporudi alikutana na swali mlangoni: "Ulikuwa wapi siku zote?" Swali lile ni bonde. "Karibu, kaa hapa karibu nami" ni beseni la udongo.

Pauro

Siku ile ya Novemba niliruka mara kumi na moja. Mara kumi nilipungukiwa. Gurudumu la nyuma lilitua juu ya ule uwanja tambarare, likatikisika, nikaendelea, na kila mara sauti zao zilinifuata: hapana neno, Padri, hapana neno. Mara ya kumi na moja nilikunja magoti mapema, nikayanyoosha pale tuta lilipokuwa linaishia, nikayatazama majani yaliyo mbele ya mteremko, na kukawa kimya. Muda ule ni mfupi mno kuuelezea. Kisha magurudumu yote mawili yakaushika mteremko wa kutua kwa pamoja, laini, bila kishindo. Vijana walipiga kelele kuliko mimi.

Nilidhani sasa wataliondoa lile jazo, walirudishe bonde lao. Walikuwa na haki. Lakini alikuwapo mtoto wa miaka kama minane, na baiskeli kubwa ya Phoenix ya baba yake. Hakufika kwenye kiti, kwa hiyo alipitisha mguu mmoja ndani ya fremu na kuendesha ameinama upande, kama tulivyojifunza wengi wetu. Mimi nilikuwa mrefu kupita baiskeli zao; yeye baiskeli ilikuwa ndefu kupita yeye. Alikuwa amesimama pale pale niliposimama mimi miezi ile, kando ya njia, akitazama.

Yule kijana wangu alimwona. Akashuka, akaenda pembeni ya matuta makubwa, akaanza kuchota udongo, kujenga tuta dogo la kimo cha kifundo cha mguu. Hakusema lolote. Nami nikailaza baiskeli yangu, nikachukua pauro ya pili.

Kwa wiki hii

Jiulize mbele za Mungu: ninajificha nyuma ya mzigo gani, na ni neno gani la "nataka" ninaloogopa kulisema?

Mtaje kwa jina, katika sala yako ya siri, mtu mmoja ambaye umempima kwa mavazi yako. Mwendee, umtazame kwanza kama fundi alivyonitazama, ndipo useme.

Mtafute mmoja anayejifunza kuishi upya, karibu nawe, awe wa imani yako au la. Kabla ya Jumapili ijayo mpelekee beseni moja la udongo: saa moja ya muda wako, nauli, kiti kando yako, au ukimya unaomstahi.

Tuombe

Ee Bwana, wewe uliyekuja kwetu chini, ukayajaza kwa mwili wako mwenyewe mabonde tusiyoweza kuyavuka, tutoe penye mizigo yetu. Utufundishe kukunja magoti. Utupe macho ya kutazama tunakokwenda. Wabariki vijana wa Matemwe, uwalinde mifupa na mioyo, uwape wazazi wao furaha. Na ututie pauro mikononi, ili ajaye nyuma yetu apungukiwe bila kuvunjika, ainuke, ajaribu tena. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.